Nimejenga grini ya gofu ya nyasi bandia uani mara mbili. Ya kwanza niliing'oa. Mrejesho kamili huu hapa

#1 ShimoLaPili

Habari zenu wakuu.

Mwaka juzi niliuliza humu nani anauza nyasi bandia za grini, zile za gofu, siyo za mpira wa miguu. Nikapata majibu ya aina mbili: "nenda Kariakoo" na "una hela za kuchezea wewe". Nikaenda Kariakoo. Hela za kuchezea sasa hivi sina, ila grini ninayo, na ni ya pili. Ya kwanza niliing'oa yote. Kipande kimoja kiko kwenye banda la kuku la jirani, kingine vijana wa bodaboda pale kijiweni wamekifanya mkeka.

Niliahidi mrejesho, ndio huu. Mrefu kidogo, mwenye haraka apite.

Kwa wasiocheza: grini ni ile sehemu laini yenye shimo na bendera, na pati ni ule mpigo wa mwisho wa taratibu, mpira unabingirika chini kuelekea shimoni. (Siku ya kwanza nilipomwambia mama watoto nataka kutengeneza sehemu ya pati uani, aliuliza tutaalika watu wangapi.) Kozi ya pa 72 (yaani mipigo 72 inayotarajiwa kwa mchezaji mzuri) inakuhesabia pati mbili kila shimo, mashimo 18, jumla 36. Nusu ya mchezo. Na mimi nikitoka kazini na foleni ya kurudi Mbezi Beach, kwenda klabu kupati giza linaingia ni ndoto. Ndio chanzo cha yote.

Sasa ya kwanza. Nilimpata fundi aliyewahi kufunga nyasi kwenye kiwanja cha mpira wa watu watano watano. Nikaona huyu ndiye. Kosa la kwanza. Kwenye kiwanja cha mpira nyasi zina urefu wa milimita 50 hata 60, zimejazwa mchanga na chembe za mpira, bonde la sentimita moja hakuna anayeliona. Kwenye grini mpira ni wa milimita 43 na unakwenda polepole. Bonde la milimita 3 unaliona. Unaliona kila siku.

Jamaa akamwaga mchanga wa kujengea juu ya udongo, akapitisha ubao, akatandika. Siku mbili kazi imekwisha, nikampigia makofi. Kapeti lilikuwa la upana wa mita 2, kwa hiyo vipande viwili ubavu kwa ubavu. Kimoja alikigeuza. Sikujua kama nyasi bandia zina upande zinakolalia kama manyoya ya paka. Ukisimama mlangoni, nusu ya grini ni kijani kibichi, nusu imepauka. Ukipati upande huu mpira unateleza, ukivuka mshono unashikwa na breki.

Mashimo alitumia makopo ya maziwa ya unga, akayasakafia kwa zege chini yasicheze. Hapo nitarudi.

Masika ilipoingia, mchanga uliondoka chini ya kapeti ukaelekea getini. Wiki ya pili grini imekuwa kama godoro la gesti, katikati bonde, pembeni vilima. Makopo yakajaa maji. Asubuhi moja mama watoto ananiita: "Baba nanihii, njoo uone samaki zako." Viluwiluwi. Jiji hili limeshapigwa na dengi 2014, likapigwa tena 2019, halafu mimi nafuga mbu kwa gharama zangu mwenyewe.

Cha mwisho kilichoniua ni ndago. Aliyelima anaijua. Ilitoboa kapeti kama sindano, haikuinua, ilitoboa. Ukivuta jani linakatika, kinundu kinabaki chini kinacheka.

Nikang'oa. Ya pili naiandika jioni, kuna mtu getini.

#2 Mpiga_Kambi

Naweka kambi hapa. Kahawa iletwe.

#3 DadaWaGoba

Godoro la gesti 😂😂 Mkuu umejuaje?

#4 KinyereziOriginal

Watu maji ya bomba tunayaona mara mbili kwa wiki, nyie mnajadili mpira unabingirikaje. Nchi hii ina watu wa aina nyingi.

#5 ShimoLaPili

@KinyereziOriginal kaka hapo umenisaidia hoja. Nyasi bandia hazinywi maji. Grini ya majani hai ungenisema vizuri zaidi.

@DadaWaGoba kazini, safari za mikoani. Tuendelee.

Fundi wa pili sikumtafuta, nilimkuta kwa jirani anatandika pevingi. Nilikuwa nimesimama ukutani namwangalia tu. Alikuwa amefunga kamba kutoka kona hadi kona, anapiga levo, anashindilia, anamwaga ndoo ya maji, anachuchumaa kuangalia maji yanakoelekea, anatikisa kichwa, anafukua, anarudia. Saa nzima kwenye eneo la mita tatu. Nikajisemea huyu ndiye niliyekuwa namhitaji. Nikamwonyesha kapeti langu lililooza. Akalikanyaga kanyaga, akasema: "Bosi, kapeti halina mfupa. Mfupa unauweka wewe."

Hajawahi kushika fimbo ya gofu. Ila mnaotaka grini nawaambia, tafuteni fundi wa pevingi kabla hamjatafuta kapeti. Kazi ni ileile, tofauti ni kinachotandikwa juu.

Eneo ni mita 4 kwa 9. Tulichimba sentimita 15 kwenda chini. Vijana wawili walikaa siku nzima wanachekecha udongo kutoa vinundu vya ndago, siyo kuvuta majani, kuchekecha kabisa. Mwisho tukawa na nusu ndoo ya vinundu. Nilivichoma mwenyewe, kwa mikono yangu, nikiviangalia.

Juu ya udongo kikaja kile kitambaa cheusi cha jiotekstaili wanachotumia kwenye barabara, kuzuia kokoto zisimezwe na udongo. Halafu kokoto mchanganyiko, zenye ndogo na kubwa na vumbi lake, sentimita 10. Siyo kwa mkupuo mmoja. Sentimita 5, maji, mashine ya kushindilia, sentimita 5 nyingine, maji, mashine. Tripu moja ya Fuso ilitosha na ikabaki. Kwa nini kokoto zenye vumbi na siyo kokoto safi? Kokoto safi hazishikani, ukikanyaga zinahama. Zenye vumbi zinafungana lakini maji bado yanapenya.

Juu yake vumbi la kokoto tupu, sentimita 3. Hapa ndipo grini inapozaliwa. Fundi alipitisha ruli ya alumini ya mita 3 huku na huku, akachuchumaa, akaongeza kiganja cha vumbi, akapunguza. Mteremko tuliacha sentimita 12 kwenye urefu wa mita 9, kidogo zaidi ya asilimia moja. Maji yanaondoka na pati ina utamu wa kukunja kidogo.

Kisha tukafanya kitu ambacho nashauri kila mtu akifanye: tulipati juu ya vumbi kabla ya kapeti. Limeshindiliwa likawa gumu kama sakafu, mpira unabingirika vizuri. Kila ulipopinda bila sababu, fundi akaweka alama kwa chaki. Alama kumi na moja. Zote tukazirekebisha, bado hakuna kapeti hata moja lililokatwa.

#6 Mpiga_Kambi

Hii ya kupati kwenye vumbi sijawahi kuisikia. Hapo umemaliza mkuu.

#7 KedeMstaafu

Vijana habari zenu.

Mnanikumbusha mbali. Nilianza ukedi, yaani kubebea wachezaji fimbo, nikiwa mdogo, na kozi nyingi za huku kwetu enzi hizo hazikuwa na grini za majani. Zilikuwa browni. Mchanga unachanganywa na oili chafu ya magari, unasambazwa duara, ndiyo sehemu ya kupati. Kila mchezaji akishapita anaacha nyayo, kwa hiyo kedi unashika kiburuzo, wengine gunia, wengine ubao wenye mpini, unasawazisha njia kutoka kwenye mpira hadi shimoni, ndipo bwana anapati. Ukiburuta vibaya unasemwa. Browni iliyotunzwa ilikuwa nyoofu kuliko grini nyingi za sasa, tatizo viatu na suruali, jioni unanuka gereji.

Sasa kijana ananiambia anapati juu ya vumbi la kokoto. Karibu nyumbani.

Swali langu: kapeti lako lina mchanga au halina?

#8 ShimoLaPili

Shikamoo mzee. Swali lako ndilo lenyewe.

Kuna makapeti ya aina mbili kubwa ya kupati. Moja ni ya nailoni, fupi sana, imebana, haihitaji kujazwa kitu, unatandika unapiga. Ghali, na sikuiona hapa mjini. Nyingine ni ya polipropilini, nyuzi zimejikunja kama nywele, urefu milimita 10 hadi 15, na hiyo bila mchanga ni bure. Mchanga ndio unaosimamisha nyuzi, ndio uzito unaolilaza kapeti lisivimbe na jua, na ndio unaoamua mwendo wa mpira. Yangu ni hiyo, milimita 13, roli la upana wa mita 4 ili mshono usiwepo kabisa. Kusubiri roli la mita 4 kumenigharimu miezi miwili. Sijutii hata siku moja.

Tofautisheni na yale ya mapambo wanayotandika kwenye baa na vibaraza. Yale majani yake ni laini na mapana, yanalala, mpira unachagua njia yake.

Mchanga nao una habari yake. Wa kujengea una kingo kali, unakata nyuzi na unashikana. Wa baharini ni mviringo mzuri lakini una chumvi, na kuuchota ufukweni ni kujitafutia kesi. Nilichotumia ni mchanga wa chujio la bwawa la kuogelea. Unauzwa kwenye mifuko kwa watu wa mabwawa, ni silika, umeoshwa, umekaushwa, punje zake zinalingana. Kapeti la aina yangu linakula kilo 10 hadi 15 kwa mita ya mraba. Kwangu ziliingia kama kilo 450.

Hauumwagi wote. Unanyunyiza kidogo, unapiga brashi ngumu kinyume cha ulalo wa nyasi ziamke, mchanga unazama, unanyunyiza tena. Tulirudia mara saba au nane. Na lazima uwe mkavu kabisa, kapeti nalo kavu. Sisi tulianza, likaja wingu la vuli, tukasitisha siku nne. Mchanga wenye unyevu unakaa juu kama sukari kwenye andazi.

#9 KedeMstaafu

Marahaba. Umejibu vizuri. Ukiongeza mchanga itakimbia zaidi, ukipunguza itazubaa. Usiifanye ya kukimbia mno ukaharibika mkono, ukija kozi zetu pati zote zinafika nusu njia.

#10 ShimoLaPili

Nimepima mzee. Kuna kifaa kinaitwa stimpimita, kiligunduliwa na Mmarekani Edward Stimpson mwaka 1935 baada ya kuangalia mashindano ya gofu ya US Open kwenye kozi ya Oakmont na kuona grini zinakimbia kupita kiasi. Ni kipande cha mfereji wa futi 3. Unaweka mpira kwenye alama iliyo inchi 30 kutoka ncha ya chini, unainua taratibu, ukifika mwinuko wa digrii kama 20 mpira unaachia wenyewe. Unapima umekwenda futi ngapi. Mipira mitatu kwenda, mitatu kurudi, unatafuta wastani.

Mimi nilichukua kipande cha alumini kwa fundi wa madirisha, nikakichonga kialama kwa tupa. Mara ya kwanza nilipata futi 12 na zaidi. Hiyo ni ya mashindano ya wakubwa. Grini za klabu nyingi zinacheza 8 hadi 10. Nikachukua brashi, nikafyonza mchanga kidogo kwa mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani (ikafa, nimenunua nyingine, msimwambie mtu), sasa niko 9 na nusu.

#11 DadaWaGoba

Mama watoto anasoma humu? Naomba kujua tu.

#12 Majani_Hai

Naomba kupingana na uzi kwa heshima.

Plastiki mita za mraba 36 juu ya ardhi. Haipumui, haina mdudu, haina mnyoo, ndege hatui. Mchana inaungua. Baada ya miaka kumi, kumi na mitano, jua limeila, inakwenda dampo, na kabla ya hapo nyuzi zinakatika kidogo kidogo zinaingia kwenye mfereji, mfereji unaingia baharini. Ulaya mwaka 2023 wamepitisha katazo la plastiki ndogondogo, na chembe za mpira za kujazia viwanja zimepewa miaka 8 tu ziachwe kuuzwa. Sisi ndio tunafungua mlango.

Ukoka upo. Unastahimili jua, unastahimili kukanyagwa. Kwa nini usipande ukoka ukaukata mfupi?

#13 ShimoLaPili

Mkuu kwenye joto sina la kukubishia. Niliazima kile kipimajoto cha kunyooshea cha fundi wa viyoyozi, saa saba mchana Februari: kapeti digrii 61, ukoka wa pembeni yake 36. Mtoto hakanyagi bila ndala. Mimi napati alfajiri na jioni, mchana ni la mijusi. Ukimwagia maji linapoa dakika chache, halafu linarudi palepale, kwa hiyo usijidanganye na mpira wa maji.

Kwenye chembe za mpira, mimi sina. Nina mchanga. Lakini nyuzi zenyewe ni plastiki, hilo umesema kweli, na ndiyo sababu uani kwangu pote ni ukoka na miti, isipokuwa hizo mita 36.

Kwa nini siyo ukoka: grini ya majani hai inakatwa milimita 3 hadi 5. Mashine ya kawaida ya kukatia majani ikishuka chini ya sentimita 2 inachuna ngozi ya udongo. Unahitaji mashine ya rola yenye visu vya kuzunguka, ukate karibu kila siku, maji kila siku, mbolea, dawa ya ukungu, mchanga wa kufukia. Na ukoka wetu wa kawaida hauvumilii kukatwa hivyo, watu wa kozi wanatumia aina zilizozalishwa kwa kazi hiyo, kama Tifdwarf au TifEagle, na za pwani wanapenda paspalamu maana inastahimili chumvi. Mimi nina Jumamosi tu.

#14 Majani_Hai

Umejibu kiungwana. Bado sijakubali.

#15 ShimoLaPili

Haki yako mkuu.

#16 Mswahili_Phoenix

Salamu kutoka Arizona. Kazi hii ndiyo inanilisha, mwaka wa sita sasa nafunga nyasi bandia kwenye nyumba za watu, na nusu ya wateja wanataka grini. Huku ni jangwa, maji ni hesabu, mtu ana uani mdogo kuliko wa kwako.

Mtoa mada kila ulichosema ndivyo tunavyofanya, hata asilimia ya mteremko. Naongeza mawili.

Kwanza vioo. Kuna vioo vya madirisha vya siku hizi vina utando wa kurudisha joto nje. Jua likipiga kioo kwa pembe fulani, miale inakusanyika sehemu moja kama lenzi ya miwani, na sehemu hiyo nyasi zinayeyuka. Nimeitwa na mteja anasema mbwa amekojolea dawa, nafika nakuta mstari mwembamba umeyeyuka kama umepigwa pasi, na kila siku saa nane mwanga unapita palepale. Dawa yake ni wavu wa nje ya dirisha, au mti. Kabla hujaweka grini, kaa uani siku nzima uangalie vioo vyako na vya jirani vinatupa wapi mwanga. Nikija likizo Dar naona maghorofa ya vioo yanavyozidi, mtakuja kunikumbuka.

Pili, misumari ya pembeni. Sisi tunapiga ya inchi 6 kila baada ya inchi 6 hivi kuzunguka ukingo, lakini ndani ya eneo la kupati hatupigi hata mmoja. Kichwa cha msumari kinaonekana kwenye mpira.

Stori ya bure: kapeti hizi jina zilipatia Texas. Uwanja wa Astrodome pale Houston ulifunguliwa 1965 una paa la plastiki ya kupitisha mwanga na majani ya kweli ndani. Mwanga ukawa unawaumiza macho wachezaji wa besiboli, wakapaka paa rangi. Majani yakafa. Mwaka 1966 wakatandika plastiki, ikaitwa AstroTurf. Biashara yangu yote imetokana na paa lililopakwa rangi.

#17 Kilimani_Juu

Wadau wa Dar, hamjambo. Mimi niko Nairobi, sina uani, niko ghorofa ya saba na paa la jengo mwenye nyumba ametuachia. Naweza kuweka grini juu ya zege? Na rafiki yangu yuko Syokimau, ana ploti yenye ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba mvua ikinyesha. Yeye afanyeje?

#18 ShimoLaPili

Karibu jirani. Fundi wangu kasema hivi, nanukuu nikiwa nimesimama naye.

Rafiki yako asipokuwa makini atajenga grini inayopumua, inapanda na kushuka. Udongo ule uondolewe kwa kina kuliko changu, aweke muramu, ashindilie, ndipo aje kwenye kokoto, na maji ya paa la nyumba yaelekezwe mbali kabisa na eneo. Akishindwa gharama hiyo asianze.

Wewe wa paani, sahau kokoto. Uzito. Mita ya mraba moja ya sentimita 10 za kokoto ni kama kilo 200. Zidisha, halafu ukamwambie mwenye nyumba uone. Weka kapeti juu ya zege kukiwa na mkeka wa vinundu chini yake wa kupitisha maji, na hakikisha mkeka hauzibi mfereji wa paa. Tabu yako itakuwa shimo, maana huwezi kutoboa zege la watu. Wengi wanainua upande mmoja kwa jukwaa la mbao, sentimita 12 zinatosha, shimo likakaa humo.

#19 KinyereziOriginal

Haya na mimi nimenogewa. Hayo mashimo ya pili ulitumia nini, au bado makopo ya maziwa?

#20 ShimoLaPili

😂 Nilijua utarudi.

Bomba la maji taka la inchi 4. Nilikata vipande vya sentimita 15. Chini yake nilichimba zaidi nikajaza kokoto safi, bomba halina kitako, liko wazi, maji yanaanguka yanapotea. Hakuna zege karibu. Viluwiluwi wamehamia kwingine.

Ila mjue kitu: shimo halali la gofu ni milimita 108 kwa upana. Bomba la inchi 4 kwa nje ni 110, kwa ndani nimepima 104. Yaani shimo langu ni dogo milimita 4. Kijana wangu analalamika kila siku kwamba namwibia. Namwambia akizoea hili, la kule klabu ataliona sufuria.

Bomba nimelizamisha inchi moja chini ya uso wa kapeti, mpira usigonge ukingo wake ukaruka. Kukata kapeti: kata alama ya kujumlisha kwanza, kisha punguza kidogo kidogo ukizunguka kwa wembe mpya. Nilitumia wembe sita kwa mashimo matatu. Wembe butu unachana.

#21 Mpiga_Kambi

Na bei mkuu? Unazunguka zunguka bei.

#22 ShimoLaPili

Siweki tarakimu, roli linapanda na kushuka na dola, mtu atasoma uzi huu mwakani aje kunitukana. Nakupa uwiano: kwenye kila shilingi kumi, kapeti na usafiri wake zimekula nne. Kokoto, vumbi, kitambaa na mashine ya kukodi tatu. Fundi na vijana mbili. Mchanga, mabomba, misumari na wembe moja iliyobaki. Ile ya kwanza kapeti lilikula nane.

#23 KedeMstaafu

Ukishamaliza kujisifu upati kutoka futi 8. Siyo futi 30. Wachezaji wa PGA Tour, wale wa kulipwa wa Marekani, wenyewe kutoka futi 8 wanaingiza kama nusu tu. Weka mipira kumi, hesabu, andika kwenye daftari.

#24 ShimoLaPili

Nimeandika mzee. Juzi 3. Jana 4. Leo asubuhi 2, paka wa jirani alikuwa ananiangalia.

#25 DadaWaGoba

Paka hachimbi hapo? Wa kwetu akiona mchanga tu amepata choo.

#26 ShimoLaPili

Mchanga umezama ndani ya nyuzi, hapati pa kufukulia. Ila anakojoa pembeni. Ndoo ya maji na sabuni kidogo kila Jumamosi, halafu brashi.

#27 ShimoLaPili

MREJESHO BAADA YA MASIKA

Nimerudi kama nilivyoahidi. Mvua zimepita zote, zikiwemo zile za siku tatu mfululizo mwezi wa nne. Nilikaa kibarazani na mwavuli kama mwehu nikiangalia. Maji yalisimama juu ya kapeti wakati mvua imepamba moto, ilipokatika nikaangalia saa: dakika nane pakavu, mashimo matupu. Nimepitisha ruli ya fundi sehemu kumi na mbili, bonde moja tu, milimita 4, kona ya getini ambako yule kijana wa gesi alisimamisha pikipiki.

Mchanga umepungua kidogo upande wa chini, nimeongeza mfuko mmoja. Stimpimita inasoma 9.

Futi 8: wastani wa wiki hii ni 5 kati ya 10. @KedeMstaafu, mzee, shikamoo.

Na kuna ndago moja imetokea, sentimita kumi kutoka shimo la pili. Jani moja, limenyooka kama bendera. Sijaing'oa. Nimempigia fundi, kasema anakuja kesho asubuhi na tusiiguse mpaka afike.